Tarakimu Sita Ndani ya Kifuniko

2 Machi

Daktari amenieleza kwa upole, kama anayemnywesha mtoto dawa chungu. Moyo umechoka, unafanya kazi nusu, maji yanabaki miguuni. Nilimuuliza kama nitaimaliza masika hii. Akazipanga karatasi zake upya, ingawa zilikuwa zimekwisha kupangika. "Mzee, punguza chumvi, pumzika sana." Nilikuwa mkuu wa karakana ya magari ya hospitali kwa miaka ishirini na sita. Naijua lugha hiyo. Ndivyo tulivyokuwa tukisema na dereva ambaye gari lake halitafika aendako.

Daftari hili nimelinunua njiani. Naandika kwa penseli, kama nilivyoandika maisha yangu yote. Ukikosea unafuta, na karatasi inabaki safi.

3 Machi

Jua kali. Dada amenikanda miguu kwa maji ya uvuguvugu. Mvua bado.

6 Machi

Dada yangu, anayenitunza tangu mke wangu alipofariki, alikwenda sokoni asubuhi. Nikaona ndiyo nafasi. Nilitoa kopo la biskuti chini ya kabati la nguo, nikafungua kitambaa kilichomo, nikachukua kifuniko, nikaenda nacho hadi bandani kwenye gari. Ni hatua arobaini. Nilipumzika mara tatu.

Ni kifuniko cha distributa, kile kidude cheusi chenye pembe saba kwenye injini za zamani. Umeme unaingia kwa pembe ya katikati, kisha unagawiwa kwa zamu kwenda silinda sita, kila moja na waya wake. Nilitoa kifuniko kizima kilichokuwepo, nikakiweka kwenye kopo, nikafunga hiki cha zamani. Kazi ya dakika kumi ilinimalizia asubuhi nzima. Waya nilizirudisha kwa mpangilio wake: moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. Majina ya baadhi ya wajukuu yamenitoka, lakini mpangilio huo haujanitoka.

Ndani ya kifuniko hiki mna tarakimu sita nilizoziandika mimi, kwa penseli, miaka thelathini na moja iliyopita. Penseli hupitisha umeme. Siku za jua hutaona lolote. Unyevu ukiingia, cheche inaacha njia yake na kutambaa juu ya maandishi hadi kwenye silinda isiyo na zamu. Injini inaanza kumisi, kama mafundi wanavyosema: inakosa pigo moja, inakosa mawili, mwisho inazima.

Gari hili lilikuwa la wagonjwa. Lilizima mlimani, kwenye mvua, likiwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Walikaa pale tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi. Mama yule hakushuka akiwa hai, wala mtoto wake. Na mtu aliyebebeshwa lawama si mimi.

Lilipouzwa kama chakavu, nililinunua, nikalipaka rangi ya kijani, nikalifungia bandani. Watu wakadhani nalipenda. Dada mpaka leo analiita wifi yake.

7 Machi

Nimemtuma dada akamwite fundi. Mafundi ni wengi, nami nimemtaja mmoja tu: mwanamke mwenye gereji nyuma ya shule. Ni binti wa yule aliyebebeshwa lawama. Baba yake tulimwita Sikio, kwa sababu aliweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye injini, akakwambia ni silinda gani inaumwa. Amefariki miaka kumi na miwili sasa. Sikwenda kumzika.

Nia yangu ni hii. Binti atautafuta ugonjwa, atafungua kifuniko, ataona mwandiko. Atajua. Nami sitalazimika kufungua mdomo.

Nimeisoma sentensi hiyo ya mwisho nikaona aibu. Nimechukua kifutio, nimekirudisha mezani.

10 Machi

Amekuja. Ni mwembamba kama baba yake, mikono yake mikubwa kuliko mwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alifika mlangoni mwa banda akasimama. Rangi ya kijani haikumdanganya hata kidogo. Aliangalia namba, akaangalia mlango wa nyuma ambako machela ilikuwa ikipita.

"Hili ndilo lile," akasema.

"Ndilo."

"Nilidhani lilishageuka masufuria zamani."

Dada akadakia kutoka kibarazani, "Kwani mnajuana na wifi yangu? Mwanangu Fundi, mwangalie vizuri, huyu bibi anakula nafasi, hapiki, hafui, na kaka yangu hamwachi!"

Fundi hakucheka. Alinigeukia. "Mzee, nitalishughulikia. Lakini tusidanganyane. Nina miaka arobaini na miwili. Tangu nina kumi na moja naambiwa baba yangu aliua watu wawili kwa uzembe. Hakuna siku nimekabidhi gari la mtu bila kurudi kukagua mara tatu, kwa hofu kwamba ni ya kurithi. Nataka kujua alikosea wapi. Nikijua, nitapumzika."

Nikasema, "Haya."

Neno moja. Nafasi ya kusema mengine yote ilikuwapo, pana kama uwanja.

12 Machi

Amewasha gari. Likakataa mara ya kwanza, likawaka mara ya pili, likatulia. Akaweka kiganja nyuma ya bomba la moshi, akafumba macho kama anayesali. Pigo sawa, pigo sawa. Kisha akatoa plagi zote sita, akazipanga kwenye gazeti. Rangi ya udongo, zote. Hakuna iliyolowa mafuta, hakuna nyeusi.

"Mzee, linamisi lini hasa?"

"Likinyeshewa."

Alishika waya za plagi, akazipitisha vidoleni moja moja tangu mwanzo hadi mwisho, kama anayetafuta kitu.

"Ni zile zile?"

"Zile zile. Baba yako ndiye aliyezifunga."

"Hazina mafundo," akasema. "Baba alifunga uzi kila waya. Fundo moja, silinda ya kwanza. Mafundo mawili, ya pili. Mpaka sita. Hata gizani unajua. Nami hufanya hivyo hivyo. Kwa nini hizi hazina?"

Nikasema sijui.

14 Machi

Joto. Amepima mgandamizo wa silinda. Zote ziko sawa kwa umri wake. "Laiti na mimi," nikamwambia. Akatabasamu kwa mara ya kwanza, na kwa tabasamu lile nikamwona Sikio mzima mzima, nikaomba ruhusa nikalale.

17 Machi

Kabureta imefunguliwa, imesafishwa, imerudishwa. Haikuwa na ubaya. Nilishindwa kuvumilia.

"Distributa umeiangalia?"

"Zamu yake haijafika, mzee."

"Si ufungue tu kifuniko uone."

Akafuta mikono taratibu. "Baba alisema gari likiwa zima, usifungue kinachoshukiwa. Ugonjwa wa unyevu ni kama mwizi: ukiwasha taa mapema, anakimbia. Unangoja aingie, ndipo unafunga mlango. Likimisi, nitafungua."

"Basi limwagie maji."

"Ya ndoo si mvua. Mvua ina mvuke, inaingia polepole. Mzee, una haraka gani?"

Dada akajibu badala yangu. "Haraka yake anaijua daktari."

Nilimwona Fundi akiyapima maneno hayo. Tangu leo ananiletea kiti mwenyewe ninapotoka nje. Wema wake unaniumiza kuliko miguu.

20 Machi

Mawingu asubuhi. Mchana yakatawanyika.

21 Machi

Vivyo hivyo.

23 Machi

Sijala. Nimekaa dirishani nikitazama mbingu kavu, na kwa kuwa mvua inaweza kuchelewa kuliko moyo wangu, naandika yote hapa.

Sikio alisoma madarasa mawili tu. Mimi nilisoma chuo cha ufundi miaka minne, na karakana nzima nilikuwa peke yangu mwenye cheti ukutani. Penseli yangu ilikaa juu ya sikio tangu asubuhi hadi jioni. Wafanyakazi waliniita Bwana Penseli nilipokuwa sisikii. Siku moja Sikio alinikuta nikitaka kutia alama kwenye kifuniko cha gari jingine.

"Mkuu," akasema, "penseli ni mkaa uliovaa koti la mti. Usiipeleke kwenye umeme."

Nikacheka. Nikageuka ili wengine nao wapate kucheka. "Umesoma wapi hiyo?"

"Sikusoma. Niliungua."

Kicheko kikaongezeka. Yeye naye akacheka kidogo, kwa adabu, akarudi kwenye kazi yake.

Mwezi mmoja baadaye alibadilisha waya za plagi za gari la wagonjwa, na platini zilizo chini ya kifuniko. Ilikuwa Ijumaa. Alisaini kadi ya kazi, akaenda kula. Nikapita. Niliyaona mafundo yake ya uzi mwekundu kwenye waya, nikaona karakana yangu inafanana na banda la wasuka mikeka. Wiki iliyofuata tungepata wageni kutoka makao makuu. Nikayakata mafundo yote. Kisha nikafungua kifuniko, nikaandika tarakimu ndani, kando ya kila njia, ambako mafuta hayafiki kuzifuta. Niliandika kwa mwandiko mzuri. Nilimkumbuka Sikio na mkaa wake, na nadhani ndiyo maana nilizikoleza. Kwenye kadi sikuandika kitu. Mkuu hajazi kadi.

Jumatano mvua ikanyesha.

Gari lilivutwa hadi karakana jioni ile. Nilifungua kifuniko nikiwa peke yangu. Cheche zilikuwa zimechora michirizi ya kijivu kama ya konokono, na michirizi ilifuata mwandiko wangu, ikipinda pale mwandiko unapopinda. Nikachukua kifuniko kingine stoo, nikakipaka vumbi, nikakifunga. Cha kwanza nikakitia mfukoni mwa koti.

Tume ilikuwa ya watu watatu. Sikio alipoulizwa hakupiga kelele. Alisema, "Naomba kifuniko kikaguliwe. Hiki si kile." Mwenyekiti akanigeukia: mkuu, kifuniko kimebadilishwa?

Nikasema, "Hapana. Ni kile kile."

Maneno manne. Kadi ilikuwa na saini moja, ya mtu wa madarasa mawili. Mimi nilikuwa na cheti. Haikuchukua nusu saa. Sikio alinitazama, na haikuwa kwa hasira. Alinitazama kama alivyokuwa akisikiliza injini.

Alifukuzwa kazi. Alimaliza maisha yake akiziba matairi ya baiskeli nje ya nyumba yake. Nilikuwa nikizunguka mtaa wa pili ili nisipite pale.

24 Machi

Nimesoma ya jana. Hakuna nilichoficha. Lakini daftari si mtu.

29 Machi

Nimeanguka bafuni. Si kitu. Dada amelia, kisha amenitukana, kisha amelia tena.

1 Aprili

Upepo umegeuka. Kuna harufu ya udongo kutoka mbali.

4 Aprili

Imenyesha. Ilianza mchana, ghafla, kama gunia la mahindi lililopasuka juu ya bati. Fundi alikuja mbio kutoka gereji, amelowa chapachapa, anacheka peke yake. "Mwizi ameingia, mzee!"

Aliliwasha gari, akalirudisha nyuma hadi nje ya banda, akaliacha likinguruma mvuani, boneti imeachwa wazi kidogo. Mimi nilikuwa kibarazani, blanketi mabegani, dada pembeni yangu. Dakika tano, pigo sawa. Dakika kumi. Nikaanza kuomba lisimisi. Nilishangaa moyo wangu ulipogeuka hivyo.

Kisha likakosa moja.

Fundi alikuwa amekwisha kulisikia. Aliweka mpini wa bisibisi sikioni, akapitisha ncha kwenye injini kama daktari anayepima kifua. "Ya tano," akapaza sauti. "Sasa ya tatu. Zinaibiana!" Likachechemea, likatetemeka mpaka vioo vikalia, likazima.

Alifungua vibanio viwili, akakificha kifuniko ndani ya koti lake kisilowe zaidi, akaja nacho kibarazani. Alikigeuza kwenye mwanga. Akakiinamisha. Nikaona uso wake unabadilika, nikasema moyoni, basi, imekwisha, amejua.

"Kuna mwandiko," akasema. "Kwa penseli."

Akakisogeza karibu na macho.

"Moja. Mbili. Tatu…" Alizifuata kwa ukucha. "Angalia cheche zilivyopita humu humu. Eeh baba yangu." Akakaa chini, sakafuni, na maji yakimchuruzika. "Kwa hiyo ni kweli."

Dada akauliza, "Kweli gani, mwanangu?"

"Alikosea. Miaka yote mama ananiambia baba yako hakukosea, nami nilitaka kuamini. Kumbe siku ile hakufunga mafundo. Aliandika." Akacheka kicheko kisicho na furaha. "Nilipokuwa na miaka kumi na sita, nilitaka kuandika kwenye kifuniko kwa penseli. Alinipiga kofi mkononi. Ndilo kofi pekee alilonipiga maishani mwake. Leo najua lilitoka wapi."

Nilitaka kusema. Mungu ni shahidi, nilifungua mdomo. Pumzi ikakata.

"Siku moja tu aliacha njia yake," akasema. "Pengine alitaka naye aonekane amesoma, kama nyinyi."

Kibaraza kikaanza kuzunguka. Dada akanishika kichwa, Fundi akaniinua miguu. Nilipopata nafuu alikuwa amepiga magoti karibu yangu, kifuniko bado mkononi.

"Pole sana, mzee," akaniambia. "Nisamehe. Nawe ulipata aibu kwa ajili ya baba."

5 Aprili

Ameniomba msamaha. Mimi.

Nilidhani kifuniko kitanisemea. Kimesema, na kimemtia hatiani mtu yule yule kwa mara ya pili, mbele ya mtoto wake, na safari hii aliyeketi kwenye kiti cha mwenyekiti ni binti yake.

6 Aprili

Dada ameingia na kopo la biskuti, akaliweka juu ya kitanda.

"Kaka. Miaka yote nilidhani humu umeficha barua za mwanamke. Nikasema acha, kila mwanamume na ujinga wake. Leo natafuta uzi nikalifungua. Nimekuta kitu cheusi kina mapembe kama pweza. Kinafanana na kile alichoshika Fundi."

Nikaliangalia kopo.

"Kwa nini viko viwili?"

Nikamwambia. Si kama nilivyoandika humu; nilimwambia kwa maneno machache, nikiangalia ukuta. Akalifunika kopo, akalifunua tena.

"Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi," akasema mwishowe. "Yako mbona imefika miaka thelathini na moja?" Kisha akavaa kitenge chake. "Nakwenda kumwita. Usife kabla sijarudi, maana sitakusamehe."

7 Aprili

Jana Fundi hakupatikana. Amekuja leo asubuhi, mvua nyepesi. Nilikuwa nimeketi kitini, nimevaa shati safi. Dada alitaka kutoka, nikamwambia abaki.

Nilimpa Fundi kopo. Nikamwambia afungue.

"Hicho ndicho kilichokuwa kwenye gari kwa miaka thelathini na moja," nikasema. "Ulichokifungua juzi nilikirudisha mimi mwezi uliopita. Mwandiko ule ni wangu. Mafundo ya baba yako niliyakata mimi. Baba yako alinionya kuhusu penseli, nikamcheka mbele ya watu. Aliiambia tume kifuniko kimebadilishwa. Nikasema hakijabadilishwa."

Kwa miaka mingi nilidhani maneno hayo yatachukua siku nzima kuyasema. Hayakuchukua hata dakika mbili.

Alikiweka kile kizima juu ya meza kwa uangalifu mkubwa, kama yai.

"Kwa nini ulikirudisha?"

"Ili ukione mwenyewe. Nisilazimike kusema."

"Kwa hiyo juzi, nilipokaa pale chini…"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaniangalia."

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite hivyo," akasema. Hakupandisha sauti. Alitoka, akachukua kile chenye tarakimu bandani, akaondoka nacho kifuani, ndani ya koti. Zana zake zote ameziacha.

8 Aprili

Mvua. Hajaja.

9 Aprili

Mvua.

10 Aprili

Mvua. Daktari amekuja, ameongeza dawa. Zana za Fundi ziko bandani, nimemwomba dada azipake mafuta zisishike kutu. Amezipaka moja moja, bila mzaha hata mmoja. Nilikuwa nikimwona kama mtu wa porojo tu. Ni mimi nisiyekuwa na masikio.

12 Aprili

Mvua. Hajaja.

14 Aprili

Amekuja, na mama yake.

Mjane wa Sikio ni mdogo kuliko nilivyomkumbuka, anatembelea fimbo. Nilijaribu kusimama. "Kaa, Mkuu," akasema, "tusije tukakuokota." Naye akakaa mbele yangu, akaweka kifuniko chenye tarakimu mapajani.

Nilianza kusema. Akainua mkono.

"Alijua. Jioni ile ile ya tume alirudi akaniambia, Mkuu amebadilisha kifuniko. Nikamwambia twende tukaseme. Akasema tumeshasema. Akasema, 'Atakuja mwenyewe. Ila amesoma sana, itamchukua muda.'" Akakigeuza kifuniko mapajani. "Alingoja miaka kumi na tisa. Gari likisimama nje, alikuwa anaweka tairi chini na kuangalia."

Nilimuuliza, kwa sababu nilihitaji kujua, kwa nini hawakumwambia mtoto.

"Alinikataza. Alisema atajifunza chuki kabla hajajifunza kazi. Nami nikatii, nikawa namwambia tu baba yako hakukosea, bila kumpa sababu. Hilo ni langu, mimi na yeye tutalimaliza nyumbani."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni akitazama mvua. Hakugeuka.

"Sikuja kukusamehe," mjane akasema. "Hiyo si kazi ya siku moja, na wewe siku huna. Nataka barua. Moja kwa hospitali, nyingine kwa jamaa za yule marehemu. Walikuja wakatema mate mlangoni kwetu, nilipangusa mimi. Uandike majina yote matatu ya mume wangu, si hilo la Sikio. Na uandike kwa wino."

"Nitaandika leo."

"Andika ukiwa na nguvu. Keshokutwa tutakuja utusomee."

16 Aprili

Hii ni kalamu ya Fundi. Ina alama ya grisi, inateleza vidoleni. Nimejaribu kufuta neno la kwanza la ukurasa huu kwa mazoea, kifutio kikatoboa karatasi.

Walikuja saa tatu. Kabla ya kuingia ndani Fundi alikwenda bandani, akafunga kifuniko kizima, akafunga uzi mwekundu kwenye kila waya, akalitoa gari nje. Mvua ilikuwa kubwa kuliko ya tarehe nne. Likanguruma robo saa nzima, na mama yake akiwa amesimama kibarazani ameegemea fimbo, akisikiliza. Halikukosa pigo. Nilimwambia Fundi gari ni lake. "Gari silitaki," akasema. "Nitachukua kifuniko chenye mwandiko. Kitaning'inia gereji, wanaojifunza kwangu wakione."

Kisha nikasoma, nikianza na barua ya hospitali. Sauti yangu ilikuwa ndogo, dada akawa ananishikia karatasi. Nilisoma majina matatu ya Sikio. Nilisoma tarehe, mlima, mvua, penseli. Nilipofika mstari wa saba, nilisoma: "Kwa kosa langu hilo, mtu asiye na hatia aliadhibiwa."

"Simama hapo," mjane akasema. "Neno gani hilo?"

"Kosa."

"Kosa lilikuwa penseli. Mtu yeyote hukosea, hata mume wangu aliungua mara moja ndipo akajua. Alichoadhibiwa nacho si kosa lako. Kiite kwa jina lake."

Nilikata neno kwa mstari mmoja. Juu yake nikaandika "uongo". Nikamwambia Fundi aniletee karatasi nyingine, niinakili upya, iwe safi.

Fundi akaichukua barua mkononi mwangu, akaitazama. Neno lililokatwa lilikuwa likisomeka vizuri tu chini ya mstari.

"Hapana," akasema. "Iache hivyo hivyo, mzee. Saini."

Nimesaini.